Pima Hamsini Chini ya Mtumbwi

Kabonga iko kusini mwa Nyanza-Lac, pale mwambao wa Burundi unapokwisha; ukivuka mpaka unaingia Kagunga ya Tanzania. Mvuvi anayesukuma mtumbwi wake majini hapa jioni anaingia katika ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi. Penye kilindi kirefu zaidi, Ziwa Tanganyika lina mita 1,470. Lakini mshipi wa mvuvi huyo hauhitaji hata sehemu ya kumi ya urefu huo. Pima hamsini, yaani mita tisini hivi, zinamtosha. Chini ya hapo, katika maji haya ya kaskazini, karibu hakuna samaki wa kuvuliwa.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa watu hudhani kilindi kirefu ndiko waliko samaki wakubwa. Sababu yake ni hewa. Maji ya juu ya Tanganyika yana joto la nyuzi 25 hadi 27, na ya kilindini nyuzi 23 na ushei. Tofauti ni ndogo, ila kwa maji ya joto inatosha kufanya tabaka la juu lielee juu ya lile la chini mwaka baada ya mwaka bila kuchanganyika nalo sawasawa. Oksijeni huingia kwa juu tu, kutoka hewani na kwenye mwani unaopata jua. Vinavyokufa huzama, bakteria huvila na kuimaliza oksijeni iliyopo, na huko chini hubaki maji yenye salfidi ya hidrojeni, gesi inayonuka kama yai viza. Upande wa kaskazini mpaka wa uhai uko kwenye mita 100 hivi. Kusini, kuelekea Zambia, unaweza kufika mita 200 na zaidi. Wastani wa kina cha ziwa zima ni kama mita 570, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji yake haina samaki kabisa.

Ndani ya tabaka hilo jembamba ndimo mtumbwi mdogo unamopata riziki, kwa uvuvi wa namna mbili.

Namna hizo zinafanana na za mbali: kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, mtu anayevua kwa kayaki hutafuta samoni katikati ya maji, kisha hushusha mshipi hadi miambani kutafuta samaki wa chini. Kwenye mwambao wa Rumonge na Nyanza-Lac, nafasi ya samoni inashikwa na mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka: mwembamba, mwenye kasi, anayesafiri kwa makundi katika maji mapana. Samaki wa chini ni sangala. Wote wawili ni wa jenasi moja ya Lates, ndugu wa sangara wa Ziwa Viktoria, na sangala wa jamii kubwa kuliko zote anaweza kufikia mita mbili.

Mukeke hufuata ndagala, dagaa wa ziwa hili. Ndagala nao hufuata wanyama wadogo mno wanaoshinda kilindini mchana na kupanda juu usiku. Ndiyo maana uvuvi huu ni wa gizani, kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Mwanga huvuta wadudu wa majini, wadudu huvuta ndagala, na mukeke hukaa pembezoni au chini kidogo ya mwanga akivizia. Mwezi ukiwa mpevu, taa hupoteza nguvu, mawindo hutawanyika, na mitumbwi mingi hupumzishwa mchangani.

Mwenye mshipi hapimi kwa mita. Hunyoosha mikono yote miwili, hupitisha uzi kutoka kiganja hadi kiganja, na kila mnyoosho ni pima moja. Anaweza kuanza na pima kumi, akatikisa taratibu ili ndoana zicheze kama ndagala anayekimbia, akasikiliza kwa kidole cha shahada. Kimya? Anaongeza pima mbili. Samaki wa kwanza akishika, hesabu hiyo haisahauliki usiku kucha, maana kundi lote huwa liko kwenye kina kilekile. Hii ni elimu hasa, na anayestahili kuitwa mtaalamu wa ziwa ni pamoja na huyu aliyeketi juu ya ubao mmoja uliolowa.

Hesabu yake inabadilika, tena kwa sababu ambazo wanasayansi wamezieleza vizuri. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi, upepo wa kusi husukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini. Tabaka hilo hunenepa upande wa Burundi, na kule kusini maji ya kilindini hupanda yakileta chumvichumvi zinazolisha mwani. Upepo ukilegea, matabaka hayo hurudi na kwenda kama maji katika karai lililoinamishwa kisha likaachwa, ila mwendo mmoja huchukua wiki kadhaa na hauonekani juu. Mpaka wa oksijeni nao hupanda na kushuka. Mahali palipokuwa na sangala mwezi uliopita panaweza kukosa hewa mwezi huu, na mshipi ukarudi mtupu bila kosa la mvuvi.

Uvuvi wa sangala ni wa subira. Unahitaji sakafu ya ziwa ambayo haijavuka mpaka wa hewa, na kwenye mwambao huu sakafu hiyo ni ukanda tu unaofuata ufuko kabla ya ardhi kudidimia. Chubwi hushushwa hadi ligonge chini, kisha mshipi huinuliwa kidogo ili ndoana zisinase mawe. Chambo kizuri ni ndagala mbichi au kipande cha samaki mwingine, kwa sababu sangala mkubwa anakula samaki wengine.

Halafu kuna fizikia ambayo kila mvuvi ameiona kwa macho hata kama hakuisoma. Kwenye mita 80 samaki yuko chini ya shinikizo la karibu mara tisa ya lile la hewa tunayovuta. Sangala ana kifuko cha hewa tumboni kinachomsaidia kuelea, na kifuko hicho hakina njia ya wazi ya kutolea hewa haraka kupitia kooni. Akivutwa juu kwa nguvu, hewa hutanuka. Anapofika ubavuni mwa mtumbwi tumbo limevimba, macho yametokeza, na wakati mwingine mfuko wa chakula umesukumwa hadi mdomoni. Samoni anaweza kucheua hewa yake na kunusurika. Sangala mdogo aliyetolewa kilindini, hata akirudishwa majini kwa huruma, huelea juu na kuliwa na ndege.

Kwa hiyo uamuzi wa kumwacha mdogo haufanywi samaki akiwa mkononi. Unafanywa dukani, siku ndoana inaponunuliwa. Ndoana kubwa humpita samaki mchanga, ndoana ndogo huvua kila kitu.

Sangala wakubwa wamekwisha kuumizwa mara moja. Katika miaka ya 1950, Wagiriki waliokuwa wakiishi Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, walianzisha uvuvi wa meli zenye nyavu za kuzungusha. Baada ya muda jamii kubwa za Lates zilipungua sana katika maji ya kaskazini, na uzito wa biashara ukabaki kwa ndagala na mukeke. Meli hizo zilitoweka Burundi katika miaka ya 1990, lakini sangala hajarudi alivyokuwa. Joto nalo limeongeza mzigo: utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2003, ukiongozwa na Catherine O'Reilly, ulikadiria kwamba ongezeko la joto na kulegea kwa upepo vimepunguza uzalishaji wa ziwa kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30.

Nchi nne za ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa pamoja Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa ndagala mapumziko ya namna hiyo yana maana kubwa, kwa kuwa maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi na huzaa upesi. Kwa sangala miezi mitatu ni michache mno. Yeye huhitaji miaka kabla ya kuzaa.

Kinachomfaa sangala kiko karibu na nchi kavu kuliko wengi wanavyofikiri. Baada ya siku zake za kwanza katika maji mapana, mtoto wa sangala husogea ufukoni na kujificha kwenye majani ya majini, katika kina ambacho mtu mzima anaweza kusimama. Mtoto wa mukeke haji huko, hubaki maji mapana. Kokoro, wavu mrefu unaoburutwa hadi mchangani, hupita katika majani hayohayo, hung'oa maficho na kuzoa samaki wa urefu wa kidole. Sheria inayoanzia hapo, kwenye majani ya ufuko wa Nyanza-Lac na Rumonge, ingemlinda sangala kuliko tarehe yoyote ya kufunga ziwa, na isingemgusa mtu mwenye mtumbwi na mshipi wake mmoja.