Katani au Tepu? Vifaa Rafiki wa Mazingira Katika Ukarabati wa Mabomba

Maji ya mtiririko ni baraka kubwa katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Hutoka kwenye chemchemi za milimani na kushuka hadi vijijini bila mashine wala dizeli. Hata hivyo, bomba likishajengwa kazi haijaisha. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, yaani ndoo nzima. Kwa sababu hiyo kamati za parokia na wafadhili huuliza: je, vifaa vya kuzibia visivyochafua mazingira vinafaa kweli, au ni maneno mazuri tu? Jibu letu ni kwamba vinafaa, ila kila kimoja kina mahali pake.

Katani

Mkonge si mgeni kwetu. Uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Fundi bomba huzungusha nyuzi za katani kwenye meno ya bomba la chuma kabla ya kukaza kiungo. Nyuzi zikilowa huvimba na kuziba nafasi. Bei yake ni ndogo, na mabaki yake huoza yakawa udongo.

Udhaifu wake huonekana wakati wa kiangazi. Maji yakikatika kwa siku nyingi, katani hukauka na kunywea. Maji yakirudi, kiungo huvuja. Dawa ni kuipaka pasti iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa. Aidha, katani isitumike kwenye kiungo cha plastiki, kwani ikiwekwa nyingi huweza kukipasua.

Tepu nyeupe

Tepu hii ni plastiki iitwayo PTFE, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1938. Haiozi, na kwa viungo vya plastiki ndiyo inayofaa zaidi. Izungushwe kufuata upande wa kukazia, la sivyo itajikunja na kutoka. Mabaki yake yasichomwe moto, kwa maana moshi wake ni sumu.

Hatari ya risasi

Zamani mafundi walichanganya katani na rangi nyekundu yenye madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi. Hata koki za shaba nyeupe huweza kuwa na risasi. Marekani, tangu mwaka 2014, sehemu zinazogusa maji ya kunywa haziruhusiwi kuzidi wastani wa asilimia 0.25. Kwa hiyo, mnaponunua koki, ulizeni kama imethibitishwa kwa maji ya kunywa. Maji yaliyolala bombani usiku kucha yatumike kufulia au kumwagilia, si kunywa.

Gundi na viungo vya kukaza

Gundi ya mabomba ya PVC hutoa mvuke unaodhuru na unaoshika moto. Itumike penye hewa, mbali na jiko. Mabomba meusi ya poli huunganishwa kwa viungo vya kukaza kwa mkono, vyenye pete ya mpira, bila gundi yoyote. Viungo hivyo hugharimu zaidi, lakini hufunguliwa na kutumika tena.

Msisahau presha

Kila mita 10 za mteremko huongeza presha ya bar 1. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tangi hupata bar 6 koki zote zikifungwa. Huko bondeni ndiko kazi hafifu hujulikana kwanza, iwe ya katani au ya tepu.

Mambo ya kuzingatia

1. Bomba la chuma: katani na pasti. Kiungo cha plastiki: tepu.
2. Kabla ya kununua koki mpya, badilisheni washa. Mara nyingi hiyo ndiyo iliyochakaa.
3. Matengenezo ya mabomba ya kijiji yapitie chombo cha watumia maji, chini ya RUWASA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.
4. Wafadhili wapendwa, bajeti ya mradi iwe na fungu la vipuri na mafunzo ya fundi wa kijiji.

Kifaa kizuri mikononi mwa fundi asiyefundishwa bado kitavuja. Tukimwandaa fundi, ndoo ile ya maji itabaki kwa mama aliyeifuata.