Dinosaria wa Chrome anajuaje kwamba amegonga?

Bando likikata halafu ukafungua Chrome, unakutana na yule dinosaria mdogo wa kijivu. Gusa skrini anakimbia, gusa tena anaruka dungusi. Gemu hii ipo tangu 2014, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Ukiusoma utashangaa: hamna fizikia ngumu humo, ni kujumlisha na kulinganisha tu.

Tuanze na kuruka. Kivinjari huchora picha upya kama mara 60 kwa sekunde, na kila picha ni fremu moja. Ukigusa skrini, dinosaria anapewa kasi ya kwenda juu ya pikseli 10 hivi kwa fremu. Kila fremu inayofuata, kasi hiyo inakatwa 0.6. Tukiacha marekebisho madogo madogo, anapanda 10, halafu 9.4, halafu 8.8... Baada ya makato 17 kasi imeshapita sifuri, na hapo ndo anaanza kushuka, kila fremu haraka zaidi.

Hiyo 0.6 ndiyo mvutano wa dunia yake yote. Ishushe iwe 0.1 na ataelea kama yuko mwezini, ambako mvutano ni karibu moja ya sita ya huku kwetu.

Kitu kinachowachanganya wengi wanaoanza: skrini inahesabu kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo kupanda ni kutoa, na ndiyo maana kwenye msimbo kasi ya kuruka imeandikwa -10, halafu 0.6 inajumlishwa.

Sasa kugonga. Kompyuta haioni dinosaria wala dungusi, inaona visanduku. Swali lake ni moja: je, visanduku hivi viwili vimepandana, kwa upana na kwa urefu pia? Vikipandana pande zote mbili, umekwisha.

Shida ni kwamba sanduku moja kubwa linabeba hadi nafasi tupu, mfano ile iliyo chini ya kidevu. Ungekufa bila kugusa chochote, na mchezaji akionewa hivyo mara mbili tu anaachana na gemu. Kwa hiyo Chrome inapima mara mbili. Kwanza masanduku makubwa, maana ni kazi rahisi kwa simu. Yakigusana, ndipo inakagua visanduku vidogo vinavyofuata umbo la mwili, sita akiwa anakimbia. Akiinama, kinatosha kimoja.

Ukitaka kutengeneza ya kwako, angalia sana suala la muda. Simu nyingi siku hizi zina skrini ya 120Hz. Ukihesabu fremu peke yake, gemu yako itakwenda mbio mara mbili kwenye simu hizo, na rafiki yako atalalamika haichezeki. Dawa ni kuzidisha kila mwendo kwa muda uliopita tangu fremu ya mwisho.

Lakini simu ikikwama kidogo, muda huo unakuwa mrefu na hatua inakuwa kubwa. Risasi inayoruka pikseli 40 kwa mpigo inaweza kuvuka ukuta wa pikseli 10 bila kuugusa hata mara moja: fremu hii iko huku, inayofuata iko kule. Ikatie hatua hiyo vipande vinne au vitano, na upime kugongana kwenye kila kipande.