Kwa Nini Uingereza Ilifuta Sheria za Nafaka Mwaka 1846



Tunapojadili uhakika wa chakula, swali moja hujirudia: nafaka ya nje izuiwe ili mkulima apate bei, au iruhusiwe ili mlaji apate nafuu? Katika toleo hili tunaeleza jinsi Uingereza ilivyolijibu wakati viwanda vyake vikikua.

Sheria yenyewe

Mwaka 1815, baada ya vita dhidi ya Napoleon, Bunge lilizuia ngano ya nje isiuzwe nchini mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo cha zaidi ya kilo 200. Wenye mashamba makubwa ndio waliokuwa na nguvu Bungeni, na bei ya nafaka ndiyo iliyobeba kodi walizowatoza wakulima waliowakodishia ardhi. Mwaka 1828 marufuku iligeuzwa kuwa ushuru uliopanda kila bei iliposhuka. Mlaji hakupata nafuu kubwa.

Waliopinga

Watu wengi walikuwa wamehamia miji ya viwanda kama Manchester. Hawakuwa na mashamba, na mkate ulimaliza sehemu kubwa ya ujira wao. Wenye viwanda nao waliona kwamba nchi zisizoweza kuiuzia Uingereza nafaka hazingepata fedha za kununua nguo zake. Richard Cobden na John Bright waliongoza kampeni kubwa. Hata hivyo, wafanyakazi wengi waliwashuku, wakihofia kwamba mkate ukishuka bei, mishahara nayo itashushwa.

Kanisa lilikuwa upande gani?

Mwaka 1841 wachungaji zaidi ya 600 walikutana Manchester kupinga sheria hizo. Karibu wote walitoka madhehebu yaliyokuwa nje ya Kanisa la Anglikana. Tukumbuke kwamba tangu mwaka 1836 malipo ya zaka kwa makasisi wa Anglikana yalikadiriwa kwa bei ya nafaka. Mkate ulipokuwa ghali, zaka iliongezeka. Hatusemi kila kasisi aliongozwa na fedha, lakini ni vigumu kukemea bei inayokulisha.

Kilichoamua

Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi vya Ireland, chakula kikuu cha maskini. Waziri Mkuu Robert Peel, ambaye tayari alikuwa ameanza kushawishika, aliona hawezi tena kutetea ushuru wa chakula. Mwezi Mei 1846 wabunge walipiga kura 327 dhidi ya 229 kufuta sheria hizo. Wabunge wengi wa chama chake mwenyewe walimpinga, na mwezi uliofuata serikali yake ikaanguka. Ushuru ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi mwaka 1849, ukabaki shilingi moja tu.

Tunajifunza nini?

Ireland ilipoteza watu wapatao milioni moja hata baada ya sheria kufutwa, kwa sababu maskini hawakuwa na fedha za kununua nafaka yoyote, ya nje wala ya ndani. Kufungua mlango wa soko ni jambo moja. Kumfikishia mwenye njaa chakula ni jingine.

Kwa hiyo, kabla kamati haijatoa msimamo kuhusu bei ya chakula, tunaomba ijiulize: mzigo huu utabebwa na nani? Na sisi wenyewe, mapato yetu yanatoka upande gani?