Fizikia Haikuiangusha Saaho

Swali limerudi tena wiki hii: "Hivi wale Wahindi hawakusoma fizikia?" Limekuja na klipu fupi kutoka Saaho, picha ya Kitelugu ya mwaka 2019. Steringi wake, Prabhas, anatupa begi kutoka juu, anajirusha kulifuata, analidaka hewani, kumbe ndani mna parashuti. Kila anayejua kwamba kazi yangu ni kuhariri picha ameshanitumia klipu hiyo, au nyingine inayofanana nayo, na chini yake msururu wa vicheko. Nimelijibu swali hili kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo nalijibu kwa maandishi.

Tuanze na jambo dogo. Picha hizi si za Bollywood. Bollywood ni ya Mumbai na inazungumza Kihindi. Hizi zinatoka Hyderabad, kwa lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, na zina ukoo wake. Mwaka 1957 N.T. Rama Rao alicheza Krishna katika Mayabazar, akaendelea kucheza miungu na mashujaa wa hadithi za kale hadi watu wakamheshimu kama alivyokuwa kwenye kioo. Mwaka 1983 akawa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Mwanawe Balakrishna ni steringi, na mjukuu wake, anayebeba jina lake, ndiye mliyemwona kwenye RRR. Mtazamaji aliyekulia katika sinema hiyo anakata tiketi kuona nguvu ya mtu inayopita ya mwanadamu. Hakuahidiwa sheria za Newton, kwa hiyo hawezi kudai kwamba amedanganywa.

Na ninyi mnaodai uhalisia hamuudai kwa wote. Katika Furious 7 ya mwaka 2015, Vin Diesel anaendesha gari kutoka jengo moja refu la Abu Dhabi hadi la pili, likavunja vioo, likapita mpaka la tatu. Sijaulizwa na mtu hata mmoja kama Wamarekani wamesoma fizikia. Saaho nayo imepigwa Abu Dhabi, na mfukuzano wake mkubwa ulisimamiwa na Kenny Bates, mtu wa Hollywood. Jiji ni lile lile, utaalamu umetoka kule kule, ila kicheko kinakwenda upande mmoja tu. Hapo hatuzungumzii tena fizikia. Tunamdharau mtu kwa pasipoti yake, nasi Waafrika tunajua vizuri inavyouma kupimwa hivyo.

Lakini tuseme kweli mnakerwa na mambo yasiyowezekana. Basi nielezeni Baahubali 2, ya mwaka 2017. Steringi ni Prabhas yule yule. Mandhari zimebuniwa na Sabu Cyril yule yule aliyebuni za Saaho. Karibu na mwisho, askari wanavuta minazi hadi inapinda, wanajikusanya na kujifunika ngao mpaka wakawa kama mpira, minazi inaachiwa, wanaruka juu ya ukuta wa jiji la Mahishmati. Ukipiga hesabu, wote ni maiti kabla ya kutua. Na bado vibanda umiza vyetu vilipiga kelele za furaha, na hao hao wanaonitumia klipu za kucheka walishangilia.

Walishangilia kwa sababu walijua kuna nini nyuma ya ukuta. Tangu sehemu ya kwanza tumemwona Devasena, mama wa shujaa, amefungwa minyororo uani kwa miaka 25, akiokota vijiti kimoja kimoja ili siku moja amchome navyo adui yake. Tukafika ukutani tukitaka ukuta upitwe, kwa namna yoyote ile.

Itazameni tena ile ajali ya darajani katika RRR ya mwaka 2022, polepole, kwa macho ya mtu wa kazi. Treni imelipuka, mto unawaka, mtoto amenaswa katikati. Ram Charan yuko juu ya daraja, N.T. Rama Rao Jr. yuko chini, hawajuani hata kwa jina. Wanapeana ishara za mikono tu, mmoja ana farasi na mwingine pikipiki. Wanajifunga ncha mbili za kamba moja na kujirusha pande mbili za daraja. Mmoja anamdaka mtoto, wanapishana hewani, mtoto anakwenda huku na bendera aliyoishika mwenzake inakwenda kule. Bendera hiyo imekwisha kulowa maji ya mto, na ndiyo anayojifunika aliyemdaka mtoto anapopita kwenye moto. Mwongozaji, S.S. Rajamouli, amekuonyesha kamba kabla ya kuruka na maji kabla ya moto. Mwili wa mwanadamu hauwezi kufanya hayo, lakini akili ya mtazamaji haikuachwa nyuma hata hatua moja. Na papo hapo urafiki ambao picha nzima itaubeba umezaliwa bila mazungumzo.

Sasa rudini Saaho. Kama hujaiona, ruka aya hii. Wizi mkubwa umetokea Mumbai, anaitwa afisa wa siri, Ashok (Prabhas), na tunamfuata kwa zaidi ya saa nzima. Ikifika mapumziko tunaambiwa kwamba tuliyemdhani polisi ndiye mwizi, na tuliyemdhani mwizi ndiye polisi. Baadaye sana tunaambiwa tena kwamba mwizi huyo ni mtoto wa bosi wa genge aliyeuawa mwanzoni. Ni maajabu kusikia. Lakini kila ufichuo unafuta hisia tulizokwisha kuziweka. Mapenzi yake na Amritha, anayechezwa na Shraddha Kapoor, yalikuwa ya kweli au chambo? Magari yanapinduka jangwani, nasi hatujui mtu huyu anataka nini, kwa hiyo hatujui tumwogopee nini. Mhariri alikuwa A. Sreekar Prasad, mshindi wa Tuzo za Taifa za India mara kadhaa. Mkono wake si wa kawaida, lakini mkasi hauwezi kuingiza sababu ambayo mwandishi, Sujeeth, ameificha kwa karibu saa tatu.

Kasoro ya pili ni Waaji, jiji la kubuni la majambazi. Minara ipo, ila hamna soko, wala mama anayeanika nguo. Nguvu ya sinema ya Kitelugu iko kwenye udongo wake: Rangasthalam ina kijiji cha kandokando ya Godavari, Pushpa ina msitu wa misandali myekundu. Saaho ilitaka kuwa ya kila mtu, ikapigwa kwa Kitelugu na Kihindi kwa pamoja, na iliripotiwa kugharimu kama rupia bilioni 3.5. Haikupata makazi.

Uzuri wake nao nausema bila kusita. Kamera ya R. Madhie inajua giza. Usiku wa Mumbai katika nusu ya kwanza una rangi ambazo wengi wangelipa kujifunza. Prabhas anapopanda jengo la wahuni ghorofa kwa ghorofa, anatulia pale ambapo steringi wengine wangefoka. Kule Abu Dhabi chuma kinachogongana ni chuma kweli, na macho yanajua.

Mnaouliza mwangalie nini, haraka haraka. Acheni klipu, klipu imekatwa sababu, na picha isiyo na sababu yoyote itachekesha. Tafuteni toleo la Kitelugu lenye maandishi chini, kwa maana linalofika kwetu mara nyingi limeshapitia sauti za Kihindi kabla DJ hajatia Kiswahili chake. Baahubali muanze na ya 2015, msirukie ya pili. Pushpa na Rangasthalam ni za mtu mwenye subira. Saaho iwe baada ya hizo, kwenye kioo kikubwa mkiweza, kwa ajili ya kamera. Na mwenye jioni moja tu aanze na Eega ya mwaka 2012, ya Rajamouli, ambamo kijana anauawa, anazaliwa upya akiwa inzi, na inzi huyo anamwandama muuaji wake hadi mwisho. Ni kama saa mbili na robo, na ndiyo picha ninayowapa wanafunzi wangu wa uhariri kabla ya nyingine yoyote.