Mboga na Kuku wa Kiangazi



Zamani wapagazi waliotoka pwani kuja Tabora walipaswa kupita Mgunda Mkali, pori lililokuwa kati ya Ugogo na Unyanyembe. Kiongozi mwenye akili hakuliingia kabla watu wake hawajafunga akiba ya chakula, kwa maana mbele maji yalikuwa haba na vijiji vichache. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na misafara ikakoma. Walakini kila nyumba ingali na Mgunda Mkali wake, nao ni kiangazi, tangu Mei hata Oktoba. Ghalani mna nafaka, lakini chungu cha mboga ki kitupu. Ndipo mtu huuza mtama wake kwa bei ndogo apate kitoweo. Na ifikapo Januari, mtama nao umekwisha.

Basi yakupasa kufunga akiba mapema. Fuata haya:

1. Mahali. Chagua ukingo wa mbuga, palipo karibu na kisima. Zungusha ua wa miiba, kwani mbuzi mmoja huharibu kwa saa moja kazi ya miezi 2.

2. Vitalu. Wakati wa mvua tuta huinuliwa ili maji yasisimame. Wakati wa kiangazi fanya kinyume: kitalu kiwe chini kidogo ya ardhi, maji machache yapate kukaa penye mizizi. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo.

3. Samadi. Mavi ya mbuzi na kuku ni mali. Yalundike pamoja na majani mahali penye kivuli, yaoze miezi 3. Mabichi huunguza miche.

4. Kupanda. Mchicha usipandwe wote siku moja. Panda kidogo kila baada ya wiki 2, nawe utachuma daima. Miche ya nyanya ihamishwe jioni. Funika udongo kwa nyasi kavu, na umwagilie asubuhi au jioni, si jua kali. Tena, wakati wa mvua chuma majani machanga ya kunde uyaanike, kama mama zetu wafanyavyo nsansa.

5. Kuku. Walale bandani, wapewe maji safi na mabaki ya bustani. Kideri huweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, wala hakina dawa. Kinga yake ni chanjo ya tone 1 jichoni, kila miezi 3, kabla ugonjwa haujaingia. Mwulize bwana mifugo.

Utasema, "Kuchota maji ni kazi nzito." Ni kweli, basi isiwe kazi ya mama peke yake. Anza na vitalu 2 tu, ambavyo nyumba yako yaweza kuvinywesha kila siku. Vitalu 2 vyenye maji hulisha watoto. Vitalu 10 vilivyokauka havimlishi mtu.

Mgunda Mkali haukumshinda aliyebeba chakula chake. Nawe jitwishe chako sasa, kabla mvua hazijakatika.