Sera Inapozaa Mpinzani Wake

Mtu akikwambia anafikiri kidialektiki, mara nyingi anachomaanisha ni kwamba anasikiliza pande zote mbili, kisha anakaa katikati. Hiyo ni busara ya mzee wa baraza, na ina thamani yake. Dialektiki ni jambo jingine. Haishughuliki sana na nani ana haki kati ya wawili wanaogombana. Inatafuta kilichomo ndani ya mpango wenyewe kinachowagombanisha, na jinsi ugomvi huo unavyougeuza mpango.

Hata ile kanuni ya darasani, kwamba hoja hukutana na kinyume chake na kutoka hapo huzaliwa ya tatu, Hegel (1770–1831) hakuitumia kama fomula ya kazi yake. Aliyeieneza kwa jina la Hegel ni Mjerumani mwenzake, Heinrich Chalybäus, mwaka 1837. Alichosema Hegel ni kigumu zaidi: kitu hubeba mpaka wake ndani yake, na kikisukumwa hadi kwenye mpaka huo hugeuka kuwa kingine. Kwa hilo sina haja ya kumpeleka msomaji Berlin. Isingiro, kusini mwa Mbarara nchini Uganda, inatosha.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni miongoni mwa yale ya zamani zaidi Afrika. Wa kwanza kuwekwa hapo walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959, na ilidhaniwa wangekaa kwa muda tu. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, zaidi ya watu laki moja na nusu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni. Uganda inasifiwa duniani kwa sababu haimfungii mkimbizi nyuma ya waya. Inampa ploti alime, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea nchini.

Tuitazame hiyo ploti. Zamani familia ilikuwa ikipimiwa mita 50 kwa 100, yaani ekari moja na robo hivi. Hapo unapanda mahindi, maharage, viazi, na unabakiza cha kuuza. Watu wakaongezeka, kipimo kikashuka. Kule Bidibidi, kaskazini, makazi yalipofunguliwa mwaka 2016 familia ilipewa mita 30 kwa 30. Nakivale nayo, mgeni wa siku hizi anapata mahali pa nyumba na bustani ya mboga. Kwenye karatasi ni kitu kilekile kimepungua ukubwa, ila mwenye ploti anajua kwamba hapo katikati pana mahali ambapo shamba liliacha kuwa shamba. Kuanzia hapo yeye si mkulima mdogo tena. Ni kibarua kwenye migomba ya mwenyeji, au muuza nyanya, au mwendesha boda. Haya ndiyo Hegel aliyaita mabadiliko ya kiasi yanayobadilisha aina. Na kilichoila ploti si ubaya wa sera. Ni kwamba mlango ulibaki wazi kama ulivyoahidiwa. Ukarimu ndio uliomaliza ardhi ambayo ukarimu uliitegemea.

Kuna mfano mkubwa kuliko huo, na ni wa damu. Mwaka 1982, wakati wa utawala wa Rais Obote, viongozi na vijana wa chama chake cha UPC katika eneo la Ankole, ilipo Nakivale, waliwafukuza Wanyarwanda makumi ya maelfu, wakachukua ng'ombe na mashamba yao, wakiwashuku kumuunga mkono Museveni, kiongozi wa waasi wa NRA. Wengine walivuka kuingia Rwanda, wengine wakasukumwa ndani ya makazi kama Nakivale na Oruchinga. Shuku hiyo ilitengeneza kile ilichokiogopa: vijana waliopoteza kila kitu wakaingia msituni kujiunga na NRA. Jeshi hilo lilipoiteka Kampala Januari 1986, inakadiriwa robo ya wapiganaji wake walikuwa na asili ya Rwanda.

Hadithi haikuishia hapo. Serikali mpya ilitamka kwamba waliokaa Uganda miaka kumi wangeweza kuwa raia, wenyeji wakanung'unika, ahadi ikarudishwa kabatini. Tarehe 1 Oktoba 1990 RPF, chama cha wapiganaji hao wenye asili ya Rwanda, ikavuka mpaka kuingia Rwanda. Msomi wa Uganda Mahmood Mamdani, ambaye mwenyewe alifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wengine na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 2001 kwamba uvamizi ule haueleweki bila mgogoro wa uraia wa Uganda yenyewe. Naona hiyo ndiyo dialektiki iliyoiva: kisichotatuliwa ndani hutafuta njia ya kutokea. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 na ushindi wa RPF, wakimbizi wa zamani wengi walirudi kwao, wenyeji wakaingia kwenye ardhi iliyoachwa, na Nakivale ikaanza kupokea Wahutu waliokimbia Rwanda.

Fikra hii inafaa pia ofisini. Ndani ya makazi kuna kamati za wakimbizi zinazochaguliwa ngazi kwa ngazi, zikifuata umbo la halmashauri za vijiji za Uganda, ambazo huko kila mtu anaziita LC. Juu ya kamati hizo yupo komandanti wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwenyekiti wa kamati anawasemea watu mbele ya ofisi, na anaisemea ofisi mbele ya watu. Ng'ombe wa mwenyeji wakiingia kwenye mahindi, ndiye anayeitwa kukaa na mwenyekiti wa LC. Akipatana haraka, majirani watanong'ona, "Huyu mzee ameshakula." Akikaza, ofisi itasema anachochea. Tena sheria ileile ya 2006 inamkataza mkimbizi kushiriki siasa za nchi, ilhali yeye amepata kiti kwa kupigiwa kura. Wafadhili hulitibu tatizo hili kwa semina ya uongozi bora. Semina haidhuru, lakini ugonjwa haumo ndani ya mtu. Umo kwenye kiti, na mwenyekiti ajaye ataurithi.

Hapa niweke tahadhari, kwa kuwa dialektiki imewahi kugeuzwa uganga wa kutabiri. Si kila pigo ni mkinzano wa ndani. Shirika la Chakula Duniani lilipokata mgao kwa asilimia 30 mwaka 2020, na kwa asilimia 40 mwaka uliofuata, chanzo kilikuwa fedha kukosekana mbali na Nakivale. Mao alieleza mwaka 1937 kwamba joto hulifanya yai kuwa kifaranga lakini haliwezi kulifanya hivyo jiwe. La nje hufanya kazi kupitia la ndani, kwa hiyo lazima tulitazame na la ndani.

Na la ndani ni hili. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa makundi kwa kadiri ya uhitaji, na waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaondolewa kwenye mgao. Kujitegemea, lililokuwa lengo, kukawa sababu ya kupunguziwa. Mwenye kibanda chenye bidhaa ana kila sababu ya kuonekana hana. Mwenye nguvu za kulima, kwa kuwa ploti yake haimtoshi, anatoka nje ya makazi kuelekea Endiinzi na kumkodi mwenyeji kipande cha shamba kwa msimu. Mwenyeji anapokea kodi, anapata vibarua wa bei nafuu, watoto wake wanasoma katika shule na kutibiwa katika zahanati zinazopata sehemu ya ile asilimia 30 ya misaada ambayo serikali inataka iwafikie wenyeji. Kisha anakwenda kwenye mkutano wa LC na kudai wakimbizi warudishwe kwao, kwa kuwa ardhi ya wenyeji imeliwa. Hasemi uongo mahali popote. Mwaka ujao, wahitaji wa shamba wakizidi, atapandisha kodi, na anayeshindwa kuilipa atarudi kuomba kuandikwa upya kwenye orodha ya wasiojiweza.