Migongo na Makorongo: Kutoka Kibosho hadi Uru kwa Miguu

Ukimwuliza mtu wa Kibosho Uru iko wapi, atanyoosha mkono kuelekea mashariki na kukuambia: ile pale. Na kweli unaiona. Unaona migomba, mabati yanayometa juani, moshi wa jiko la mtu. Kukiwa kimya, unasikia hata jogoo wa huko akiwika. Sasa mwulize utafikaje. Atakuambia: shuka Moshi mjini, halafu panda gari la Uru. Majibu yote mawili ni ya kweli, na makala hii inajaribu kueleza kwa nini.

Machi mwaka jana, siku ya mapumziko baada ya mitihani, tulikuwa mafrateri sita tulioamua kwenda Uru bila kupita mjini. Mpango ulikuwa kupanda kwa mgongo wa Kibosho hadi karibu na msitu, kukatiza mto Karanga huko juu ambako bado ni mdogo, kushuka kwa upande wa Uru, kisha kuvuka tena Karanga chini na kurudi seminarini. Kwenye karatasi lilikuwa duara la kilomita 22, lililochorwa kwa penseli na mwenzetu anayependa ramani kuliko mantiki. Baba Gombera aliitazama, akauliza mara mbili kama tumemwuliza mwenyeji yeyote, akaturuhusu kwa sharti moja: turudi kabla ya giza. Tulijibu kwamba tutakuwa mezani saa 8 mchana. Hatukuwa tumemwuliza mwenyeji yeyote.

Kwanza tuutazame mlima wenyewe. Kilimanjaro imetokana na volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo, na kilele cha Kibo kina mita 5,895. Uji wa moto ulimwagika na kuganda ukielekea chini pande zote, na maji yakaanza kuuchimba. Upande wa kusini, tunakoishi sisi, ndio unaopata mvua nyingi zaidi, kwa sababu pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hugonga mlima huku na kumwaga unyevu wake. Mvua nyingi huleta mito mingi, na mito yote hushuka kutoka juu kama fito za mwavuli. Weru Weru, Karanga na mingine midogo huishia Kikuletwa, kisha Nyumba ya Mungu, kisha Pangani hadi baharini. Kila mto umejichimbia korongo, na kati ya korongo na korongo umebaki mgongo mrefu mwembamba. Watu wanaishi juu ya migongo hiyo. Barabara nazo zimefuata migongo, kwa hiyo karibu zote zinapanda na kushuka. Zinazokatiza ni chache mno.

Hapo ndipo hesabu yetu ilipokosewa. Kuna kanuni ambayo Mskoti mmoja, William Naismith, aliitoa mwaka 1892, na wapanda milima wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vyetu inasema hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 utakazopanda. Kilomita 22 ni saa 4 na dakika 24. Kutoka seminarini hadi mpaka wa msitu ni mwinuko wa mita 400 hivi, yaani dakika 40. Tukaweka saa 5, tukaongeza na za kupumzika, tukaridhika.

Kosa ni kwamba tulitoa kimo cha chini kutoka kimo cha juu, basi. Anayetembea kwa kukatiza migongo hapandi mara moja. Anashuka mita 100 au 200 ndani ya korongo, anapanda tena zilezile, anatembea robo saa kati ya migomba, anakuta korongo jingine. Kile alichopanda anakilipa tena na tena. Hadi tunaishia siku ile, simu ya mwenzetu ilikuwa imeandika mita 1,400 za kupanda, na duara hata halikuwa limefungwa. Kanuni ya Naismith haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu sisi tulioipa namba moja badala ya saba.

Nilipokuwa nikihema ukingoni mwa korongo la tatu, nilianza kuielewa historia niliyokuwa nimeikariri shuleni bila kuiona. Kwa nini Wachagga, watu wa mlima mmoja, hawakuwa na mfalme mmoja? Kwa nini kila upande ulikuwa na Mangi wake, na Mangi wa upande huu akipigana na wa upande ule? Simama ukingoni uangalie chini. Korongo la namna hii ni ukuta. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na nguvu hivi kwamba Wajerumani walilazimika kuleta jeshi mwaka 1891 ili kumshinda, lakini hata yeye hakuutawala mlima wote. Mpinzani wake, Rindi wa Moshi, alikuwa mbele kidogo upande wa mashariki, na Uru ilikuwa katikati yao, ikibanwa na wote wawili. Mangi Mkuu wa Wachagga wote alipatikana mwaka 1952 tu, Thomas Marealle, na miaka kumi hivi baadaye cheo cha umangi kikafutwa nchi nzima.

Lugha nayo ndivyo hivyo. Tunasema Kichagga kana kwamba ni kimoja, lakini mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana watazungumza Kiswahili. Hata dini ilifuata makorongo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kibosho mwaka 1893, na mwaka huohuo Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame, ng'ambo ya Weru Weru. Matokeo yake yapo hadi leo. Huku ukipita unasalimia "Tumsifu Yesu Kristo" na kujibiwa "Milele, Amina", ukivuka Weru Weru, utasikia zaidi "Bwana Yesu asifiwe." Kijana wa Kibosho anaweza kudhani alizaliwa Mkatoliki kwa sababu ya hoja. Mara nyingi ni kwa sababu ya mto. (Mlezi wetu wa masomo alipolisoma hili aliguna, lakini hakulikata.)

Basi tulipanda. Njia za miguu hupita katikati ya vihamba, mara nyingine katikati ya ua wa mtu kabisa, kati ya zizi na jiko. Kihamba ni bustani ya ghorofa: juu miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hatoki zizini, analetewa majani. Mipaka ni masale, mmea uleule ambao Mchagga humpelekea aliyemkosea anapoomba radhi. Huwezi kupita uani kwa mtu kama unapita barabarani. Unasimama, unaamkia, unaulizwa unatoka wapi na mtoto wa nani, unakaribishwa ndizi, unakataa mara mbili na mara ya tatu unakula. Naismith hakuiweka hii kwenye kanuni yake.

Jambo lililotushangaza ni ukimya. Ilikuwa siku ya kazi, hali ya hewa nzuri, na katika nyumba nyingi tulikuta bibi peke yake, au babu na mjukuu mmoja. Nyumba nyingine zilikuwa nzuri, zenye vigae na madirisha ya vioo, lakini zimefungwa kwa kufuli. Kila mtu anajua kwamba Desemba zitafunguliwa na magari yatajaa hadi kwenye migomba. Lakini Desemba ni wiki mbili.

Ukimya huu nao una maelezo yake, na naona ni yaleyale ya makorongo. Kwa desturi, kihamba cha baba hurithiwa na mtoto wa kiume wa mwisho, na mkubwa hutafutiwa kingine. Wa kati hujitafutia. Zamani walikata kihamba kipya juu zaidi au chini zaidi. Leo, kushoto kuna korongo, kulia kuna korongo, juu kuna msitu ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, na chini kuna tambarare kavu ambayo ina wenyewe. Mgongo hauongezeki upana. Kinachobaki ni kugawa kilichopo, na kimegawanywa hadi vingine havitoshi nyumba na kaburi. Kahawa, iliyosomesha watu wengi wa huku tangu enzi za chama cha wakulima cha mwaka 1925 na KNCU iliyokifuata, hailipi kama ilivyolipa. Kwa hiyo kijana anaondoka. Si kwamba hapapendi kwao. Watu wa mjini wakisema "vijiji vyenu vimetulia sana" wanatusifu, na najua wana nia njema, ila huwa sijui niwajibu nini.

Tulipotea saa 5 asubuhi. Tulifika mahali njia ilipogawanyika, na pembeni ulipita mfongo, ule mfereji wa asili unaoleta maji kutoka korongoni hadi juu ya mgongo. Unaanzia juu kabisa mtoni na kutambaa ubavuni mwa korongo kwa mteremko mdogo sana, mdogo kuliko wa mto wenyewe, hadi unatokea mgongoni ambako mto usingefika kamwe. Wazee waliichimba mifongo bila pima maji ya kisasa, na ukoo wa aliyechimba ndio uliosimamia zamu za kumwagilia. Kando ya mfongo kuna njia ya tambarare inayovutia mno mtu aliyechoka kupanda. Tukaifuata kuelekea maji yanakotoka. Baada ya nusu saa ilikuwa imebaki upana wa kiatu, kushoto ukuta wa majani na kulia shimo.

Bibi mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani alitukuta hapo tukiwa tumesimama kwa mstari kama kwenye maandamano ya Ekaristi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba zangu. Mmetumwa kuzibua mfongo?"

"Hapana bibi, tunakwenda Uru."

Akacheka hadi akautua mzigo. Kisha akatueleza kitu ambacho sijakikuta kwenye ramani yoyote: mfongo ukiufuata kwenda juu, siku zote utakupeleka korongoni kwenye jabali, kwa sababu huko ndiko maji yalikokamatwa. Ukiufuata kwenda chini, siku zote utakupeleka kwa watu. Akatuonyesha mahali pa kuvukia Karanga, mawe matatu na gogo, akatuuliza kama tumekula.

Tulivuka saa 7 mchana, maji hadi kwenye vifundo vya miguu. Uru tuliishuka vizuri, ingawa mwenzetu mmoja alianza kuchechemea. Goti huumia zaidi kwenye kushuka kuliko kwenye kupanda, na wengi hawalijui hilo hadi liwakute. Saa 10 jioni tulikuwa ukingoni mwa Karanga kwa mara ya pili, mbele yetu mgongo wa kwetu. Tuliona paa la jengo tunalolala.

Kule tulikosimama jua lilikuwa likiwaka. Juu, msitu ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi. Mto ulikuwa wa kahawia. Haukuonekana mpana, labda hatua kumi na mbili, na wawili kati yetu walishaanza kuvua viatu. Hoja yao ilikuwa ya maana: tumeahidi kurudi kabla ya giza, mwenzetu hawezi kutembea mbali, na pale ni karibu. Wengine tulisita lakini hatukuwa na hoja. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikata majani alituita kutoka juu ya ukingo. "Mafrateri, msivuke. Sikilizeni mawe."

Tukanyamaza. Chini ya sauti ya maji kulikuwa na sauti nyingine, nzito, kama magunia ya viazi yanayoburutwa ndani ya nyumba. Ni mawe ya sakafu ya mto yaliyokuwa yakiviringishwa. Maji yanayoviringisha mawe yanakuangusha hata kama hayajafika magotini. Mvua ya masika huanza huko msituni, na mto huleta habari yake kabla hujaona tone.

Tukavaa viatu. Tukapanda tena hadi barabara ya Uru, tukapata gari, tukashuka Moshi mjini, tukasubiri gari la Kibosho lijae, tukapanda tena mlima ule ule kwa upande wa pili. Tulifika saa 2 usiku. Mahali tulipokuwa tumesimama na mahali tulipofika, kunguru angeruka kwa dakika tatu. Baba Gombera alikuwa amekaa barazani. Hakutukaripia, alimtazama anayechechemea, akasema chakula kipo jikoni, na kesho yake saa 3 tuwe ofisini kwake, wote sita.

Kwa atakayetaka kwenda: Agosti hadi Oktoba mito huwa midogo, na Januari hadi katikati ya Februari pia. Ondoka alfajiri. Hesabu makorongo kwanza, halafu kilomita. Usiingie msituni, kwa kuwa huko ni hifadhi na kuna taratibu zake na malipo yake. Beba sukari au sabuni kidogo kwa ajili ya atakayekukaribisha uani kwake. Sisi tulimpelekea yule bibi kilo mbili za sukari tuliporudi chuoni Septemba, na siku hiyohiyo tukakimalizia kipande kilichobaki, kutoka ukingo wa Uru hadi getini kwetu. Maji yalikuwa safi, tunaona mawe. Kilituchukua dakika 50.